Daftari la Korja

Daftari la korja ninaliandika mimi, hapa Mkunumbi,
tangu mkono wa marehemu Famau uanze kutetemeka.
Korja ni miti ishirini. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo:
kila unene na jina lake, kila jina na bei yake,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu, ushuru wa serikali.

Mwaka ule ikaja barua ya mistari minne.
Kuanzia leo, ilisema. Mpaka lini, haikusema.
Korja sitini na mbili za boriti zilikuwa zimeshakatwa,
zimeshalipiwa, zina alama ya nyundo kwenye tako la mti.
Bwana Mutinda wa misitu alizizunguka mara mbili.
"Mama Mwanamize," akasema, "nyundo ni yangu.
Barua si yangu."
Zikalala pwani. Jua likazipasua.
Mchwa hawana kibali, wala hawaombi.

Sitasema uongo: hori ilipumua.
Palipokuwa na visiki ikasimama miche ya mkoko,
kimo cha watoto wa darasa la kwanza,
na kaa wakarudi, mmoja anashibisha wawili.
Lakini usiku nilisikia shoka.
Lali, ambaye kwa kibali alikuwa akiuruka mti mchanga,
sasa alikata gizani,
na gizani mkono hauchagui.
Hayo sikuyaandika. Daftari halina safu yake.

Mwaka wa tano marufuku ikaondolewa.
Tukashangilia nusu saa.
Kisha fomu tatu, picha mbili, safari ya Mokowe,
safari ya Amu, rudi kesho, mwenye muhuri yuko semina.
Na mnunuzi wa Mombasa, kwenye simu:
"Siku hizi twajengea chuma na mikaratusi ya bara.
Mbona mlinyamaza?"

Mlinyamaza!

Wanangu wawili wana bodaboda Hindi.
Hawajui mazio huishia wapi, boriti huanzia wapi.
Mimi bado napima kwa gumba na kidole cha shahada.

Leo Mutinda karudi, kidevu cheupe, nyundo ileile.
Kagonga, kahesabu, kahesabu tena.
"Hii korja ina miti kumi na saba."
Nikamwambia mitatu iko majini, imesimama.
Lali kaiona michanga, kaipita.
"Kwa amri ya nani?"

Nikachovya kidole mate, nikafungua ukurasa mpya.