Akiwa na Majani

Uani kwa kina Mwanaesha, Tononoka,
kuna mti hatuujui jina.

Gome la kijivu, labambuka viduaraduara
kama chokaa ya ukuta ulionyeshewa.
Jani moja, ndani yake jozi tano za vijani,
vishingo vimepinda.
Nimelifikicha, nimelinusa: halikusema kitu.

Mwanaesha ashika kuwa ni mkwaju.
Mkwaju gani huu, jani halina ukakasi?
Jirani asema ni wa Kizungu,
aliuleta bwana mmoja wa reli.

Tukamwita fundi Bwanaheri, mchonga milango wa Kuze,
miaka arubaini na patasi.
Akauzunguka mara mbili.
"Huu sijapata kuuona."

Chini palikuwa na tumba jeusi, gumu, limepasuka:
mbegu nyeusi, kila moja na kofia nyekundu.
Hakuzitazama.
Alikuwa ameinamia tawi walilokata watu wa stima,
akwangua kwa ukucha,
alamba kidole.

"Bambakofi!"
Akacheka, kisha akanyamaza.
"Huyu namjua, mwanangu.
Nimempiga randa, nimempiga msasa, nimemtia bawaba.
Namjua maiti."

Akatia mbegu tatu mfukoni.
Moja akairudisha.