Bila Rula

Saa tisa usiku, Ostrava.
Tramu ya mwisho imeshapita zamani na makelele yake,
theluji inashuka bila kuulizwa na mtu,
nami niko jikoni, nimevaa soksi mbilimbili,
mbele yangu bati la penseli za rangi, ishirini na nne,
alilolisahau mjukuu wangu Květa
tangu Pasaka.

Oktoba walinifungua kifua,
wakaushona moyo upya.
Daktari Hruška akasema: pumzika.
Pumzika! Kana kwamba ni chombo kinauzwa dukani,
unakichomeka ukutani, kinanguruma.
Nililala chali nikihesabu mapigo,
nikapotea njiani, nikaogopa,
nikaanza tena moja.

Miaka thelathini na minane nilichora madaraja.
Sikupata kuchora kitu kisichojua kinakokwenda.
Kila mstari ulitoka upande huu ukafika ule,
na katikati ulibeba malori.
Milimita moja ikikosewa, mtu aliitwa ofisini.
Mara mbili mtu huyo alikuwa mimi.

Basi usiku wa kwanza nilitafuta rula.
Bati halina rula. Lina kichongeo, vumbi la rangi,
na penseli zilizotafunwa vichwa.
Nikaitwaa ya kwanza iliyogusa kidole,
zambarau, rangi nisiyoipenda,
nikaisimamisha mgongoni mwa bili ya gesi,
nikangoja iniambie.

Haikuniambia kitu.
Penseli haina domo la kuchonga,
yenyewe ndiyo huchongwa.
Lakini mkono, huu uliochoka kutetemeka,
ulianza kwenda.
Ukapinda. Ukazunguka. Ukarudi ulikotoka,
ukakuta si pale pale.
Hakuna lori lililoanguka.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Mimi nimekunjwa mkavu,
na magamba yangu yote, miaka sabini na mitatu,
wala sikusikia mfupa ukilia.

Sasa nayajua mambo machache, si ya kumfundisha mtu:
kijani juu ya zambarau
ni tope la mto Ostravice barafu inapoyeyuka;
ukikandamiza sana, nta hung'aa
na karatasi haipokei tena rangi,
kama mtu aliyeambiwa mno.
Na pumzi. Hii sikuitafuta.
Mviringo ukipanda, navuta,
ukishuka, naachia,
na juzi nilishtuka kumekucha,
sijahesabu hata pigo moja.

Bohdana aliamka kunywa maji.
Akasimama nyuma yangu, bilauri mkononi.
"Ni nini hicho?"
"Sijui."
Miaka arobaini na sita ya ndoa,
sidhani kama alishawahi kusikia neno hilo
likitoka kinywani mwangu.
Alilikalia kimya kidogo.
Kisha akavuta kiti, akachagua rangi ya machungwa,
akaanzia pembeni kushoto
bila kuomba ruhusa,
vijistari vifupivifupi, kama anapalilia.

Mistari yetu haijakutana.
Katikati kuna nafasi ya kutosha kiganja,
na hakuna aliyependekeza daraja.

Kijani imebaki fupi kama kiungo cha kidole gumba,
naishika kwa kucha.
Nyeupe tu ndiyo bado ndefu; nani angeihitaji,
na dirisha limejaa hivi?

Jana Květa alipiga simu.
Babu, hujaliona bati langu?
Nikatazama meza, vumbi la rangi, mikono yangu
yenye bluu mpaka kwenye vifundo.
Sijaliona, nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, najua.
Yangu, siku hizi,
inazunguka.