Nguzo ya Kumi na Tisa

Kwenye dirisha la tikiti, lango la Lang'ata,
karani aliniuliza, "Mara yako ya kwanza, mzee?"
Nikasema ndiyo.
Syokau akanitazama.

Ningemwambia nini, na foleni inanisukuma mgongoni?
Kwamba miezi kumi na minne niliingia humu kila jioni
nyuma ya lori, kofia ya njano kichwani,
koleo na waya wa kufungia vyuma,
chapati mbili ndani ya gazeti,
bila tikiti, bila kamera,
wala hakuna aliyenionyesha mnyama kwa kidole?

Simba nilimjua kwa sauti tu.
Saa nane za usiku, taa za jenereta zimemeza nyota,
mashine ya zege imenyamaza kidogo kuvuta pumzi,
ndipo alipokuwa akinguruma, kule upande wa Mto Mbagathi,
na Mutinda, fundi wa mbao, husema:
"Mwenye shamba anauliza tutamaliza lini."
Tulicheka.
Vidole havikucheka.

Leo basi linakwenda polepole.
Syokau ana orodha kwenye daftari la hesabu:
kifaru tayari, mbuni tayari, kongoni,
ngiri aliyetimka mkia wima
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.
Simba bado.
Ananilaumu mimi, kana kwamba nimemficha.
Nyuma ya nyasi, maghorofa ya jiji yamesimama
kama wageni waliofika harusini wakakosa viti.

Halafu nguzo.
Nimezijua kabla dereva hajafungua kinywa.
Nahesabu kimyakimya hadi ya kumi na tisa,
ile tuliyoimwagia zege mvua ikitupiga,
ile iliyomvunja Mutinda mguu.
Chini yake twiga watatu na ndama mmoja
wamejipanga kwenye ukanda mwembamba wa kivuli,
wanasogea jua likisogea.
Mmoja anajikuna shingo
palepale nilipofunga chuma.

Sijui niseme niliwapa kivuli
au niliwakatia mbingu vipande viwili.
Twiga hasemi. Anacheua.

Treni inapita juu.
Hakuna mnyama aliyeinua kichwa,
ni mimi tu, nasikiliza kama kuna kitu kinalegea.

Syokau anaandika TWIGA.
Anatafuna kalamu kidogo,
halafu chini yake, kwa herufi ndogo: nguzo ya baba.
Anaipiga alama,
anauliza kama chapati zimebaki.