Pembeni mwa Karatasi

Imeletwa na Bi. Tusekile Mwaisumo
ndani ya foronya, mwezi wa saba,
baridi ya Mbeya ikigandisha hadi gundi koponi.
Karatasi pana, rangi ya chai ya maziwa.
Mchwa wamekula kona moja
wakaishia nchani mwa jani.

Dalia.
Nyekundu iliyoiva, ile inayoelekea zambarau,
petali safu juu ya safu kama vigae.
Mchoraji alikuwa na subira,
au hakuwa na mtoto wa kumlilia:
kila mshipa wa jani umepewa haki yake.
Ua la pili limetupa kisogo,
la tatu bado tumba, limekunja ngumi.
Na chini kabisa mizizi, imeoshwa,
minene, imeshikana kama viazi.

"Hivyo mama alivichemsha," anasema.
"Tulijua viazi vya Wazungu.
Vichungu! Tukala na chumvi. Hatukufa."

Kuna jina la Kilatini kwa wino,
na mwaka, 1931, kwa penseli.
Udongo haupo. Upepo haupo.
Ua limesimama katikati ya weupe
kana kwamba Rungwe haina mlima wala mvua.

"Upepo ulikuwapo.
Baba, Anyandwile, ndiye aliyelishika shina
mbele ya kibaraza, asubuhi tatu,
akiambiwa tulia, tulia,
na siafu wanampanda."

Natazama. Mkono haupo.

Nilikwisha kupima, nikakata kadibodi ya kuzungushia,
dirisha lake safi, kama nilivyofundishwa:
pembeni mwa karatasi hufichwa.
Huko ndiko mchoraji alikojaribia rangi.
Doa la kijani, na kijani kingine,
wekundu mara nne, wa mwisho ndio alioukubali,
manjano ya chavua.
Na doa moja la kahawia.

Nikalitafuta kwenye ua.
Si la shina; shina ni kijani chenye damu kidogo.
Si la mizizi; hiyo ina rangi ya majivu.
Kahawia ya joto, iliyochanganywa kwa makini,
ikatiwa kivuli upande mmoja,
kama mtu aliyeanza neno
akasikia mlango unafunguliwa.

Sikusema kitu.
Fundi fremu hasomi barua za watu.
Nikamgeuzia karatasi tu.
Akavua miwani, akaisugua kwa ncha ya kitenge, akaivaa,
akaweka kidole gumba kando ya doa
bila kuligusa.

Nje, Loleza umejifunga ukungu kiunoni.
Jirani anapigilia msumari uliopinda,
anaukosa, anatukana, anapigilia tena.

"Hilo dirisha lako," akasema, "lipanue."
Nikamwambia kioo kitakuwa kikubwa,
na bei itapanda.

"Panua."