Hezi Hamsini

Nilishuka ngazi za jengo la umeme, Kaunas, Februari,
viatu vikilia maji ya theluji,
mkobani tepu moja ya mwaka hamsini na tisa:
Marcijona wa Užpelkiai akimlilia bintiye.

Kwetu kitivo cha fasihi
kila mtu amekula mkate kwa mbolezi ile.
Kuna ubeti wa tatu,
pale sauti ya mama inapopanda ghafla, inakonda,
inakuwa ya mtoto wa miaka sita,
kisha kimya,
kisha inarudi, mtoto bado, halafu mama.
Profesa wangu alipaita "maiti kupewa ulimi".
Mimi nikaandika kurasa arobaini juu ya kimya kile.
Arobaini! Zikanipa shahada, ofisi yenye dirisha,
na mwaliko wa Krakow.

Tautginas alikuwa anakula mkate na kitunguu
juu ya meza iliyojaa nyaya. Hajasoma hata ukurasa mmoja.
Ombi langu lilikuwa dogo: niondolee huu mvumo,
huyu nyuki anayeimba chini ya mama wa watu.
Akavaa visikizi. Akasikiliza mara tatu. Akaacha kutafuna.
"Nyuki huyu usimfukuze," akasema.
"Ndiye shahidi pekee uliye naye."

Akanionyesha kwenye skrini: mstari mwembamba, hezi hamsini,
pumzi ya gridi nzima toka mtamboni hadi taa ya jikoni,
umenyooka kama uzi wa mwashi.
Na pale, ubeti wa tatu, uzi unapinda kwenda juu
pamoja na sauti, bega kwa bega.
"Mama hakupandisha kitu. Umeme ulilegea, kisha ukakatika.
Mota ilichoka, tepu ikajikokota,
na kilichonaswa kwa kujikokota
ukikicheza kwa mwendo wake hulia kama kifaranga.
Kimya chako ni mashine iliyozimika."

Nilicheka, maana kulia mbele yake ingekuwa aibu.
Kisha nikauliza jambo ambalo kurasa arobaini hazikuuliza:
"Mashine ilipozimika, yeye alinyamaza?"
Akainua mabega.
Jiko, giza, mwanafunzi wa chuo akipapasa kiberiti,
na mwanamke anayeendelea, pengine,
beti mbili, pengine kumi, pengine ule wenye jina la mtoto,
kwa kuwa jina halimo popote kwenye tepu.

Usiku ule nilifuta sura ya nne.
Sikuihifadhi mahali.

Siku ya tatu, saa saba usiku, simu. Hata salamu hana:
"Umeme ukirudi, uzi unashuka, unatulia hamsini.
Umetulia kabisa, nimepima hadi desimali ya tatu.
Na sauti bado iko juu."
"Kwa muda gani?"
"Sekunde moja na nusu. Neno moja."
"Neno gani?"
"Mimi mtu wa nyaya. Maneno ni kazi yako."

Nikatembea usiku huo huo, daraja zima, bila kofia.
Tukalisikiliza hadi mfagiaji akaja na ndoo yake.
*Imewaka.*
Hilo tu. *Imewaka.*
Taa, bila shaka. Lakini nani anasema?
Labda kulikuwa na mtoto wa jirani karibu na tanuri
ambaye hakuna aliyemwandika kwenye fomu.
Labda ni mama, kwa koo la yule aliyemzika.
Tautginas alipima koo na koo, akalinganisha vilele vya mawimbi,
akapata hamsini na moja kwa arobaini na tisa.
"Hii si sayansi," akasema, "hii ni sarafu."

Makala tuliandika wawili, tukigombana kila aya.
Yeye alitaka "chanzo cha sauti hakijulikani".
Mimi nilitaka mtoto.
Mhariri ametupa hadi Ijumaa.

Tepu nimeirudisha kwenye hifadhi leo asubuhi.
Mtunzaji akauliza kama tumeisafisha.
Nikamwambia hapana.