Yaliyorukwa

Programu hii iliandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine.
Inaulizia diski C, na hapa hakuna C;
inagonga mlango wa jirani aliyehama
mwaka ule leseni ilipokwisha
na ofisi ya Nyegezi ikasema: fungu hilo halipo.
Basi nimeweka mfumo wa bure kwenye mashine kuukuu
na katikati yao nimemketisha mkalimani,
tabaka jembamba la maneno
linalojibu "ipo" kwa lugha ya mgeni,
kisha linageuka, linatafuta folda yoyote ya mwenyeji
na kuibandika jina hilo: C.

Ndani ya programu mna ziwa.
Si lote. Ghuba tu, kutoka darajani Kigongo mpaka nje ya Bwiru,
imekatwa vipande vya mraba, mita mia mbili kila upande,
na kila kipande kina upepo wake, joto lake, pumzi yake.
Lugembe wa vizimba kule Luchelele hayajui haya.
Anawajua sato wake elfu arobaini
na alfajiri ile ya mwaka juzi maji ya chini yalipopanda,
meusi, yasiyo na hewa,
akakuta matumbo meupe yamejaa nyavuni
kama sahani za harusi iliyovunjika.
Ameniuliza swali moja: "Lini tena?"

Mara ya kwanza ziwa lilipata kina cha kilomita kumi na nane na nusu.
Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka:
nukta ya desimali ilivuka mpaka
ikafika ng'ambo haina kazi,
mita zikageuka maelfu.
Nikarekebisha mstari mmoja. Umeme ukakatika.
Ukarudi saa nne usiku, nikaanza upya.

Saa saba, hesabu ikiendelea,
dirisha jeusi likaanza kutiririsha maandishi:
*kazi hii siijui bado, nairuka.*
*kazi hii nayo siijui, nairuka.*
Mkalimani anakiri.
Mstari kwa mstari, bila kuulizwa na mtu.

Nilikuwa na miaka tisa.
Niliketi kati ya bibi Minza na daktari, kule Bugando,
kiti kirefu, miguu haifiki sakafuni.
Bibi alisema kwa Kisukuma, akasema, akasema,
mikono ikipanda na kushuka kama anayepepeta,
na mimi nikamwambia daktari:
"Anasema tumbo linauma."
Daktari akaandika. Tumbo.
Damu sikuitafsiri, niliona haya.
"Tangu tulipovuna mpunga" sikuitafsiri pia,
nilidhani ni maneno ya shamba tu,
hayana kazi hospitali.
Wala hapakuwa na dirisha jeusi popote
lililoandika: *hapa mtoto ameruka.*
Bibi alinishika mkono hadi kituoni,
akinisifu kwa Kiswahili changu.
Alirudi Misungwi na vidonge vya tumbo.
Hakuvimaliza.

Saa kumi na moja alfajiri ziwa langu likatulia.
Alhamisi, kabla ya jua,
iwapo upepo wa kusini utavuma siku tatu mfululizo:
mita ya kumi na mbili, oksijeni moja nukta nne.
Nukta. Nimeitazama mara mbili.

Nampigia Lugembe.
Nyuma yake nasikia injini ya boti ikikataa kuwaka,
mtu anaitukana, inakohoa, inakataa tena.
"Holo, una uhakika?"

Zamani ningemjibu neno moja.

"Sogeza vizimba kabla ya Jumatano," namwambia.
"Lakini usikate simu.
Kuna mambo matatu mashine iliyaruka,
na ni haki yako kuyajua.
Una kalamu? Andika.
La kwanza ni mvua."