Daftari la Siku Mia na Ishirini

Kipimo cha kwanza katika ukoo wetu kilikuwa sisimizi.
Babu, kule Pongwe, alikojoa nyuma ya banda alfajiri;
jua lilipochomoza wakaja kwa mstari,
kama watu wa foleni ya mafuta ya taa.
Bibi akawatazama, akasema:
"Mume wangu anakojoa asali."
Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na muhuri.
Mwaka uliofuata mguu ukakatwa.
Sisimizi hawaandiki dozi.

Mimi naandika. Maabara yangu ina dirisha moja
linalotazama Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
feni yenye kikohozi,
na tangu Machi, mashine mpya
isiyozidi redio ya mezani.

Kila Jumatano ya kliniki huja Bi Mwanamkuu Sembua,
mpika visheti,
kidole amekitanguliza kabla hajaketi.
Miaka miwili kidole kile kilinipa namba za kupigiwa vigelegele:
tano nukta nane, sita nukta moja.
Nesi Zuhura akamwita mfano wa kuigwa, mbele ya watu.
Kumbe Jumatatu na Jumanne
alishindia maji na matango,
kama mwanafunzi anayekesha usiku wa mtihani
akasahau yote getini.

Kidole husema ya leo asubuhi.
Mashine hii haina haja na asubuhi.
Huiuliza chembe nyekundu: tangu uzaliwe,
umepakwa sukari kiasi gani?
Maana chembe huishi siku mia na ishirini hivi,
na sukari inayopita huishika
kama shira inavyoshika kisheti;
ikishaganda, huibandui kwa kufunga siku mbili.
Ni daftari la mkopo dukani kwa Hafidhi:
sabuni, kiberiti, tarehe.
Pita uchochoro wa nyuma ukitaka,
daftari liko pale pale juu ya friji.

Tone moja. Dakika sita.
Asilimia tisa nukta nne.

Nilimgeuzia kioo, sikusema neno.
Akaitazama namba kama mtu aliyeletewa barua
aliyoichana mwenyewe.
"Ya miezi mitatu?"
"Ya miezi mitatu."
"Basi mashine yako ilikuwapo msibani."

Akahesabu kwa vidole vile vile nilivyovitoboa:
dada yake Mwanahawa, kuzikwa Makorora;
sukari ya rambirambi, mfuko juu ya mfuko;
chai na kila aliyekuja kutoa pole
(ungeweza wewe kumwachia mgeni kikombe peke yake?);
kisha arobaini; kisha usiku,
visheti vilivyovunjika, visivyouzika,
akivila kimoja kimoja taa imezimwa,
kwa kuwa aliyekuwa akimkorogea shira
hayupo.

Mashine ilijua kiasi. Haikujua nani.
Sina kemikali ya hilo kwenye rafu.

Mficha maradhi kilio humfichua, walisema,
na Babu alifichuliwa hivyo, nyumba nzima ikisikia.
Bi Mwanamkuu amefichuliwa na tone
ambalo sisimizi angelibeba,
naye angali anatembea kwa miguu yake miwili.
Daktari akabadilisha dawa,
akaagiza na mkojo, tutafute protini:
figo huvujisha siri miaka kadhaa
kabla hazijalalamika.

Mkojo ulikuwa safi. Hilo nilimwambia kwa sauti,
Nesi Zuhura asikie.

Miezi mitatu baadaye alikuja na mafuta ya andazi mdomoni,
mbaazi amekula, hana habari.
"Leo sikufunga. Liulize daftari."
Nane nukta moja.
Si ushindi. Daktari atakunja uso.
Yeye aliikunja karatasi mara nne,
akaifunga penye pindo la kanga, pamoja na hela za biashara,
akaacha mezani kifurushi cha gazeti.
"Usiguse. Si vyako, ni vya mashine."

Kabla ya saa saba mchana
sisimizi walikuwa wameshafika.